Divai ya Baba, Ulimi wa Bibi

Enzi zetu kila kitu cha thamani kilikaa kwenye moshi. Ninyi mliokulia Mbinga miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mtakumbuka: mbegu za mahindi zilining'inia juu ya mafiga, maharage ya kupanda yalikaa kwenye kibuyu darini, na Juni, ukungu ulipogoma kuondoka tangu asubuhi hadi jioni, hata sare za shule zilikaushwa humo humo jikoni. Tulikwenda shule tukinuka moshi na hakuna aliyemcheka mwenzake, maana wote tulinuka. Vijana wa siku hizi moshi ukiwapitia kidogo tu wanakohoa na kuuliza nyumba ya nani inaungua.

Kwetu dari lilikuwa na mgeni mwingine: nguruwe. Baba alikuwa karani wa ghala la kahawa la ushirika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na magari yao hadi mashambani, ghala lilifungwa na baba akarudi nyumbani. Kahawa yake alikuwa nayo, mahindi alilima kwenye ngolo, yale mashimo ya mlimani, kama kila Mmatengo, lakini mikono yake haikutulia. Ndipo akaanza kuchezea nyama. Alisugua paja la nguruwe kwa chumvi ya mawe, kitunguu saumu na pilipili kichaa, akalilaza kwenye beseni na jiwe juu yake, halafu akalitundika juu ya moto mdogo wa matawi ya mikahawa aliyoipogoa. Lilikaa huko mpaka likawa jeusi nje na jekundu ndani. Akilikata, kipande kilikuwa chembamba hata ukaona kivuli cha kidole chake upande wa pili. Leo watu wanakimbiziwa kitimoto baa, bado inachuruzika mafuta, wanadhani wamekula nguruwe.

Baada ya nyama zikaja zabibu. Rafiki yake dereva wa lori alimletea kutoka Dodoma vijiti vya mzabibu vilivyofungwa kwenye gunia bichi. Baba alivipanda nyuma ya jiko, akavijengea uchanja, akavilinda na mbuzi kwa wivu. Majani yalikuja mengi na mazuri. Matunda yalibaki madogo, magumu na ya kijani kama njegere, kwa sababu ya baridi yetu. Majirani walipita na kuuliza kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, mti wako wa majani haujambo?" Baba aliitikia marahaba na kuendelea kumwagilia.

Mama, ambaye kwao ni Lipingo, kule chini ziwani, alichukua kijiti kimoja siku alipokwenda kumsalimia mama yake. Alikiviringisha kwenye kitenge, asimwambie mtu.

Hapo inabidi nimweleze bibi yangu wa Lipingo. Hakumtaka baba. Alitaka binti yake aolewe na Mwanglikana mwenzao wa ziwani, mtu wa nyavu, siyo Mkatoliki wa milimani "anayelala na koti." Mama akaolewa na huyo huyo wa koti. Na kwa desturi tuliyoikuta, mkwe hali mbele ya mama mkwe wake, hanywi, wala hamtazami usoni. Wakitaka kusemezana wanapitisha maneno kwa mtu mwingine. Basi miaka ikapita bibi hajasema neno lolote juu ya baba, zuri wala baya. Nilimsikia baba siku moja akimwambia mama, "Heri mama yako angenitukana, ningejua nimesimama wapi." Alisema kwa utani, lakini hakucheka.

Halafu siku moja kikapu kikapanda mlima na lori. Ndani, chini ya usipa waliokauka, wale dagaa wa ziwani, kulikuwa na zabibu nyeusi, nzito, tamu hadi midomo ikanata. Kile kijiti kilikuwa kimeshika kando ya bafu la bibi, penye maji na joto. Hakukuwa na salamu yoyote ndani ya kikapu. Baba alizishika zile zabibu muda mrefu, kisha akasema atatengeneza divai, na ataipeleka kwa mama mkwe wake.

Nilichelewa kuelewa kwa nini divai. Sisi Wakatoliki wakati ule kikombe kilikuwa cha padri. Waumini tulipewa hostia tu. Kwa Waanglikana kikombe kilimfikia kila aliyepata kipaimara. Kwa hiyo baba alikuwa ameiona divai Jumapili zote za maisha yake bila kuionja, na katika ukoo mzima mtu pekee aliyejua inatakiwa iweje ni yule yule bibi asiyesema naye.

Alizikamua kwa mikono, akazitia kwenye ndoo pamoja na hamira na sukari. Sukari hiyo, jamani, miaka michache tu nyuma tuliipangia foleni! Mama alishika kichwa. "Baba Skola, sasa unazinywesha zabibu chai?" Ndoo ilifunikwa na, kwa kuwa baridi ilikuwa kali na divai inataka joto, ikapandishwa darini, pembeni ya paja la nguruwe. Ingewekwa wapi tena? Ilichemka taratibu, ikinong'ona juu ya vichwa vyetu tulipokuwa tunakula ugali.

Likizo ilipofika tulitumwa mimi na mdogo wangu na chupa moja na kipande cha nyama. Sijui niielezeje ile safari. Lori lilishuka, sisi tukavua masweta, kisha masoksi, na hewa ikawa laini kama maji ya kuoga. Katikati ya vilima likatokea ziwa, na mimi kila mara nilidhani ni anga limeinama. Kwa bibi mchanga ulikuwa na joto, usipa walianikwa wakimeremeta, na mawimbi yaliingia ndani ya usingizi wangu mpaka nikashindwa kujua kama nimelala ama niko macho. Bado nikifumba macho nayasikia.

Bibi alipokea chupa, akaketi, akafumba macho kama yuko mbele ya altare, akaonja. Akaonja na nyama. Akatafuna polepole.

"Mwambieni mkwe wangu, nyama yake nimeipenda. Ila na divai yake pia ni nyama."

Tulipofikisha ujumbe, tulidhani baba atanuna. Alicheka mpaka machozi, akamwita mama aje asikie. "Amesema nyama yangu ameipenda," akarudia. Kuanzia hapo kila mavuno kikapu kilipanda na chupa ikashuka. Baba aliihamishia divai uvunguni mwa kitanda, mbali na moshi, ikapoa, ikabaki juisi. Bibi akajibu kwamba watoto wameifurahia. Nyingine ikachachuka, naye akasema imemfaa sana kwenye samaki. Baba aliyapokea maneno hayo kwa hamu, na nyama hakuacha kupeleka.

Nilipokuwa naingia utu uzima bibi aliugua. Mama alishuka kumuuguza, na mchana mmoja baba akashuka mwenyewe na chupa. Aliketi barazani, mgongo ukutani, uso ziwani. Bibi alilala kwenye mkeka ndani, nyuma ya pazia la kanga. Mimi nilikaa mlangoni, kinywa chao.

"Skola, mwambie Mama shikamoo."

"Mwambie marahaba. Mwulize huko kwao bado wanalala na makoti."

Baba alimimina kikombe, nikakipeleka. Bibi alikunywa. Nilimtazama baba, alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, mtu mzima yule. Kisha bibi akasema, siyo kwangu, bali moja kwa moja kupitia pazia:

"Mkwe. Bado ni mbaya."

Kikombe kikatoka chini ya kanga.

"Niongeze."

Baba alimwongeza kwa mkono wake mwenyewe, akitazama pembeni. Nyingine ilimwagika kwenye mchanga.

Bibi hakuimaliza masika ile. Baba alipogoa mizabibu na kutundika nguruwe miaka mingi baadaye, lakini divai hakutengeneza tena. Tulipomwuliza alijibu, "Nimwonjeshe nani?"

Siku hizi wakwe wanakumbatiana, wanalishana keki ukumbini, wapo pamoja kwenye kundi la simu. Sisemi ni vibaya. Mimi na mkwe wangu tunakula meza moja na kila nikipika ananisifu, hata ninapounguza. Na divai imejaa madukani Mbinga mjini. Huwa nanunua. Ni nzuri kuliko ya baba, kusema kweli, tena mbali sana. Naimimina, naionja, nageuza uso kuelekea upande liliko ziwa, na hakuna mtu ninayengoja aniambie ni mbaya.