Mnoa visu wa Kitengela aliyenunua baiskeli nyepesi kwa wivu

Saa moja kasoro dakika kumi na mbili asubuhi, Gitonga anafunga breki nje ya machinjio ya mbuzi, pembezoni mwa mji wa Kajiado. Hata kabla hajashuka, anageuza shingo kutazama barabara aliyotokea. Hakuna mtu. Anatazama tena, safari hii kwa raha zake.

"Bado hajafika," anasema, na kicheko kinamtoka puani. "Leo atanikuta hapa."

Anayesemwa ni Nzuki, kijana wa miaka 27, mnoa visu kama yeye. Gitonga ana miaka 46. Wote wanaishi Kitengela, kilomita hamsini hivi kutoka hapa, na wote hutembea na jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya baiskeli, karibu na usukani. Wakifika kwa mteja, husimamisha baiskeli kwa stendi pana ya chuma, huvika mkanda kutoka gurudumu la nyuma hadi kwenye jiwe, kisha hukaa kwenye kiti na kukanyaga pedali huku wakishika kisu kwa mikono miwili.

Baiskeli aliyokuja nayo Gitonga leo ameimiliki kwa siku nne tu. Ni nyembamba, ya rangi ya fedha, na ina uzito wa kilo 11. Ile aliyoiacha nyumbani ni ya chuma, nyeusi, aina ambayo Wakenya huiita Black Mamba, na imemlisha kwa miaka kumi na tisa. Ile ina kilo 23.

Ukimuuliza kwa nini alinunua hii mpya, jibu la kwanza ni kazi. Subiri kidogo, anywe chai yake kwenye kibanda kilicho karibu na machinjio, na atakupa jibu la pili.

"Ilikuwa wivu," anasema. "Wacha nikwambie ukweli. Hiyo kijana nilimfundisha mimi."

Nzuki alifika Kitengela miaka sita iliyopita akitafuta kazi ya mjengo. Hakupata. Gitonga akamkuta amekaa kando ya barabara, akamhurumia, akamfundisha kunoa kwa miezi minane: namna ya kulaza kisu, namna ya kusikiliza jiwe, namna ya kumwambia mwenye bucha bei bila kutazama chini. Kijana alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Hilo lilimfurahisha Gitonga wakati ule.

Halafu mwaka jana Nzuki akatokea na baiskeli nyepesi, ya mtumba, yenye gia. Tangu siku hiyo Gitonga hakuwa na amani. Kila alipokuwa akipanda na Black Mamba yake kuelekea Isinya, mji ulio njiani, alisikia mlio mwembamba wa cheni nyuma yake, ukikaribia. Kisha Nzuki hupunguza mwendo na kumsalimu, "Habari ya asubuhi, mwalimu!" Kisha huyo, ametoweka.

"Ile salamu ndiyo ilikuwa inaniua," Gitonga anasema. "Heri angenipita kimya. Niliomba apate pancha. Niliomba kabisa, kanisani, nimefunga macho."

Siku moja hotelini Isinya, Nzuki akiwa ndani anakunywa chai, Gitonga aliizunguka ile baiskeli kama mnunuzi wa ng'ombe. Alipohakikisha hakuna anayemtazama, akaiinua kwa mkono mmoja. Ikainuka. Akaichukia kuliko alivyowahi kuchukia kitu kisicho na roho.

"Niliiweka chini haraka kama mtu ameiba," anakumbuka.

Wivu huo ungebaki wa moyoni tu kama si Burhan. Burhan ni mfanyabiashara wa mbuzi, anayechinja hapa na kuuza nyama katika bucha yake mjini Kajiado. Ana visu kumi na vinne, na hunolewa mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, shilingi sabini kila kisu. Kwa Gitonga, ambaye kwa wiki nzima hupata shilingi elfu nne na mia tano hivi, Burhan peke yake ni karibu nusu ya riziki.

Mwezi uliopita hoteli zinazonunua nyama kwa Burhan zilianza kuitaka mapema zaidi. Gitonga alikuwa akifika saa moja na dakika ishirini. Burhan hakuzunguka.

"Mzee, mimi sina neno na wewe," alimwambia. "Lakini mbuzi yangu ya kwanza ni saa moja. Kuanzia mwezi hii, mwenye anafika kabla ya saa moja ndiye atanoa. Nzuki ameshafika mara tatu."

Gitonga alirudi Kitengela siku hiyo bila kusalimiana na mtu. Jioni akamwambia mkewe, Waceke, kwamba lazima wanunue baiskeli nyepesi. Pesa zilikuwepo. Zilikuwa za tangi la maji, walizoweka pamoja kwa miaka miwili, kwa sababu mtaani kwao mfereji hutoa upepo siku nyingi kuliko maji na Waceke amechoka kununua maji kwa mkokoteni.

Waceke, ambaye huuza mboga karibu na stendi ya matatu, alitaka kwanza kujua tofauti ni kilo ngapi. Gitonga, kwa kuwa alikuwa ameshatafuta hesabu hiyo kwa siri, akamwambia: kumi na mbili. Alikuwa amepima Black Mamba kwenye mizani ya kinu cha unga. Ya Nzuki aliisikia kwa Ojwang, muuzaji wa baiskeli za mtumba pale Kitengela.

"Na wewe ulipanda hiyo mizani?" Waceke akauliza.

Alikuwa amepanda. Kilo 84.

"Baba Jackie, kilo kumi na mbili si upunguze ugali? Hiyo ni bure." Aliposhindwa kumchekesha, akasema kwa upole, "Ama utoke nusu saa mapema. Nitakuwa naamka nikupikie chai."

Gitonga anakiri kwamba mkewe alikuwa na haki. Nusu saa ya usingizi ingetosha kabisa kumfikisha kwa Burhan kabla ya saa moja. Lakini ingemwacha Nzuki na baiskeli yake, akipita na salamu yake. Hilo hakumwambia Waceke. Alimwambia barabara ina malori alfajiri, jambo ambalo ni kweli, na akashinda mabishano kwa ukweli huo mdogo.

Ijumaa iliyopita wakaenda kwa Ojwang. "Hii unaiinua na kidole," Ojwang aliwaambia, akaiinua kwa kidole. Shilingi elfu thelathini na sita. Waceke alihesabu noti, akampa, akatoka nje kusubiri.

Jumamosi Gitonga alihamisha jiwe na stendi. Jumapili baada ya ibada aliijaribu hadi karibu na Isinya na kurudi, akahisi amepunguziwa miaka kumi. Kunoa hakujaribu. Mtu aliyenoa kwa miaka kumi na tisa ajaribu kunoa kwa nini?

Ndiyo sababu asubuhi hii anatabasamu hivi. Burhan anatoka ndani, anatazama saa, anatazama baiskeli, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Anampa kisu kirefu chenye mpini mweusi.

"Anza na hii. Ndiyo nachinjia."

Gitonga anaivika baiskeli mkanda, anakaa, anakanyaga. Jiwe linaanza kuimba. Analaza kisu, anakandamiza kama alivyokandamiza maelfu ya visu, na hapo gurudumu la mbele linaruka. Anakandamiza tena. Baiskeli nzima inacheza, inasogea kwenye saruji, jiwe linadunda. Linatoa mlio ambao hata mlinzi langoni anageuka kuusikiliza.

Burhan anakichukua kisu. Analaza ukucha wa kidole gumba kwenye makali na kuutelezesha polepole kutoka mpini hadi ncha. Hivyo ndivyo anavyopima kila mara. Kisu cha kuchinjia lazima kiwe laini mwanzo hadi mwisho, mnyama asiteswe. Kikiwa na pengo hata dogo kama la punje ya mchele, Burhan hakitumii. Katikati, ukucha unakwama.

"Iko na pengo," anasema.

"Nipe dakika."

"Mzee Gitonga, mbuzi wamefungwa. Hii siwezi kuchinja nayo."

Gitonga anarudia, na mambo yanazidi kuharibika. Jasho linamtiririka. Black Mamba haikuwahi kumfanyia hivi. Kwa miaka kumi na tisa ilisimama imara kwa uzito wake mwenyewe, naye alidhani ni ustadi wake. Leo amekuja kabla ya wote, na hana anachoweza kufanya.

Ni wakati huo mlio mwembamba wa cheni unasikika langoni. Saa moja na dakika mbili.

"Habari ya asubuhi, mwalimu!"

Nzuki anaegemeza baiskeli yake ukutani, anatazama ile ya rangi ya fedha, anatazama kisu mkononi mwa Burhan. Burhan, mwenye haraka zake, anasema anataka kisu kisicho na pengo na kwamba hajali kitanolewa na nani.

Kijana anamwendea mlinzi, anaazima mtungi wa lita ishirini, anaujaza maji kwenye pipa. Anarudi nao, anachukua mpira wa kufungia mizigo kutoka kwenye keria yake, na anaufunga mtungi chini ya usukani. Si usukani wake. Wa Gitonga.

"Hizi nyepesi haziwezi kukaa chini zenyewe, mwalimu," anasema kwa sauti ya chini, Burhan asisikie. "Mimi kila mahali naomba maji. Nikimaliza namwaga, naenda."

Kisha anarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono. "Noa."

Mwaka mzima Gitonga alimtazama kijana huyu akipita. Hakuwahi hata siku moja kusimama amtazame akifanya kazi. Angekuwa ameuona mtungi.

Anakaa, anakanyaga. Baiskeli inatulia kama ng'ombe aliyezoea kukamuliwa. Inamchukua dakika kumi kulifuta pengo. Burhan anapitisha ukucha, mpini hadi ncha, mara mbili. Ukucha unateleza. Anaingia ndani na kisu chake. Baada ya muda anarudi na visu vingine, na kwa sababu muda umekwenda anavigawa: tisa kwa Gitonga, vinne kwa Nzuki.

"Alhamisi ukuje hivyo hivyo," anamwambia Gitonga. "Na maji uiweke kabla nitoke nje."

Kazi imesalimika. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kunywa chai. Gitonga anakunywa chai kwenye kibanda akiwa amenuna.

"Kama angechukua hiyo kisu aninyang'anye kazi, ningejua cha kusema," anasema. "Ningemtukana mpaka Kitengela. Sasa amenifungia maji. Utamtukana mtu amekufungia maji?"

Kuhusu elfu thelathini na sita zake, ana maoni. Barabarani, anasema, baiskeli nyepesi ni halali: ameokoa nusu saa na miguu haimuumi. Kwa mnoa visu, hesabu ni nyingine. Amelipa pesa zote hizo kuondoa kilo kumi na mbili, na sasa kila anaposimama atafunga kilo ishirini za maji. Anacheka mwenyewe anapoisema, lakini si kicheko cha asubuhi.

Kubwa zaidi lilimpata wakati wa kurudi. Waliondoka pamoja, baiskeli zinazofanana, mizigo inayofanana. Kabla ya kilomita ya tatu, Nzuki alikuwa mbele. Gitonga akakanyaga kwa nguvu zake zote, akabadilisha gia, akainama kama vijana wa mashindano. Mgongo wa Nzuki ukazidi kuwa mdogo.

"Zamani nilikuwa nasema ni hii chuma yangu," anasema akiwa amesharudi Kitengela. "Nilikuwa na kitu ya kulaumu. Sasa hakuna. Ni miguu yake, ni miaka yake, ni akili yake. Hizo Ojwang hauzi."

Black Mamba ataiuza. Ameshapata mtu wa mtaa wa Embulbul anayeitaka kwa kubebea maziwa, na kila shilingi itaenda kwa Waceke kuanzisha upya pesa za tangi, walipate kabla ya Krismasi. Jioni hii anakusudia pia kumwambia mkewe kwamba nusu saa ya mapema ingetosha, na kwamba alijua.

Lakini ndoto yenyewe, ile anayoitaja huku akitazama pembeni, haihusu tangi. Karibu na Isinya kuna mwinuko mrefu. Leo alipofika chini yake akiwa hoi, ulimi nje, aliinua macho na kumwona Nzuki juu kabisa, mguu mmoja chini, ametulia, akimsubiri wamalize safari pamoja. Gitonga alitamani ardhi immeze. Alipanda mpaka juu, na kijana akasema tu, "Twende, mwalimu."

"Siku moja," Gitonga anasema, "nataka nifike pale juu wa kwanza. Hata kama ni mara moja. Nisimame, niweke mguu chini, nimngoje mimi. Ajue vile inauma kungojwa."