Katapila Lililokunywa Mafuta ya Nazi

Nilikuwa uani naanika muhogo mjukuu wangu aliponiletea habari: yule dereva wa katapila amefariki, anazikwa alasiri. Nikakaa chini palepale. Mola amlaze pema. Wasomaji mnaonizoea mnajua hapa simtaji mtu, ingawa majina ya wote waliokuwapo ninayo kichwani, pamoja na ya baba zao. Maiti husitiriwa, nami nitamsitiri kwa kumsimulia.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, bara kidogo kutoka Pande, pwani ya kusini, wakati wa kipupwe. Nyumba mpya, majirani wapya, maji hakuna. Mto ulikuwa mbali, hivyo wengi tulichota dimbwini, walikokunywa nguruwe pori. Mwanangu wa kwanza akaanza kuharisha hata macho yakamdidimia. Ndipo likaletwa katapila lituchimbie lambo bondeni, na dereva wake, kijana wa uwanda wa Makonde, akawa rafiki wa mume wangu. Kazi ikiwa nusu, dizeli ikaisha. Mjini nako, hakuna. Bwana mkubwa wa wilaya akatuma neno: Ijumaa asubuhi anakuja, na akikuta mashine imelala, inakokotwa kwenda kijiji kingine.

Dereva akatujia wanawake kwenye vinu. "Shikamooni, mama zangu. Naomba mafuta ya nazi."

"Marahaba," bibi mmoja akamjibu. "Kwani katapila lako limeota nywele?"

Tukaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Likiyakubali, mtakunywa maji. Likiyakataa, nitaitwa mhujumu, mniletee uji jela."

Basi tukakuna nazi, tukapika mafuta, na sisi tukala kisamvu cha chumvi na maji. Alhamisi akayachanganya na masalio ya dizeli. Likanguruma! Moshi wake ulinukia vitumbua, na mama mkwe wangu akasema, "Ama kweli, leo mashine imekula kabla ya wenye nyumba."

Ijumaa kukapambazuka baridi. Dereva akawasha, kimya. Akawasha tena, kimya. Alipofungua chujio, mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Loo! Hapakuwa na mwanamke pale ambaye wakati wa kipupwe haweki chupa yake ya mafuta juani kabla ya kujipaka, na hakuna aliyekumbuka kwamba katapila nalo lililala nje. Moto hatukuthubutu kuusogeza. Yalitakiwa matambara na maji yanayochemka, na maji yaliyokuwa karibu ni ndoo yangu, niliyoijaza mtoni alfajiri kwa ajili ya mwanangu. Ng'ambo ya mashamba tukaona vumbi la gari.

"Shemeji, hayo ni ya mtoto," dereva akasema.

"Ndoo hii itampa leo tu," nikamwambia. "Na kesho je? Weka jikoni."

Tukachovya matambara, tukalizungushia chujio na bomba la mafuta, vidole vinaungua. Gari likasimama. Dereva akawasha. Katapila likakohoa, likanyamaza. Mimi nilikuwa naitazama ndoo tupu. Akawasha tena, na safari hii likanguruma hata kunguru wakaruka.

Bwana mkubwa akashuka, akanusa. "Nani anakaanga vitumbua saa hizi?"

Mimi nilikwishashika njia ya mtoni, nakimbia. Lambo likachimbwa mpaka udongo ukaanza kutoa maji, na yule mtoto ndiye baba wa mjukuu huyu aliyeniletea habari ya msiba.

Mjukuu huyohuyo ananiambia sasa redioni wanasifu mitambo mikubwa inayotumia mafuta ya mimea, kana kwamba jambo hilo limezaliwa jana. Mimi silipingi. Moshi wa dizeli sijawahi kuupenda. Lakini mafuta ya mmea hayatoki hewani. Yanatoka katika chungu cha mtu, au shambani kwake, na huyo mtu ana watoto.

Marehemu alilijua hilo. Kila Idi alikuja kunisalimu, na nilipompa maji aliyashika kwanza, akauliza, "Watoto wameshakunywa?" Aliuliza hata walipokuwa na ndevu. Jana matangani nilipewa kikombe, nami nikauliza vilevile. Vijana wakatazamana, wakadhani ni uzee. Anayetaka kulisha mashine kwa chakula chetu na aanze na swali hilo, na asiwashe mpaka ajibiwe.