Maji Aliyoyaacha Shosho

Harufu ya nanaa mwitu iliyokanyagwa ndiyo inayonirudisha kwenye kijito kile, mwendo wa nusu saa kusini mwa Minneapolis, maji yake baridi hata jua likiwaka. Kila kiangazi kanisa letu la Wakenya lilibatiza hapo, kwenye sehemu pana ambapo maji yalimfika Mchungaji kiunoni. Halafu mwaka mmoja wa tisini na kitu, nikiwa na miaka kumi, wakaja watu wa mradi wa kukarabati kijito na matingatinga yao. Walisema kijito kikipanuka maji hupata joto, na trauti, samaki wa ukoo mmoja na samoni, hufa. Basi wakakibana kwa mawe, wakamwaga kokoto, na mahali petu pakawa panapungua wiki baada ya wiki.

Nasi tulikuwa na mgeni. Shosho, mama yake Mama, alikuwa amekuja kutoka Nyeri, na viza yake ilikuwa inaisha kabla ya theluji. Utotoni alibatizwa kwa matone tu. "Walininyunyizia kama mche wa kabichi," alikuwa akisema. "Safari hii nataka kuzama, tena kwenye maji yanayokwenda." Ndiyo maana Mama alisimama kwenye mkutano wa wakazi katika ukumbi wa shule, bado amevaa sare ya kazini. Wengine walilalamikia miti iliyokatwa na bustani zitakazofurika. Mama aliuliza jambo moja: siku hizi samaki wana haki kuliko waumini? Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mwanamke aliyesimamia mradi alitukubalia Jumapili moja ya kubatiza.

Jumapili hiyo majani yalikuwa yamegeuka manjano. Mchungaji alichagua mahali pekee pasipo na matope, kokoto zikiwa safi kama uwanja uliofagiwa asubuhi. Hakuna aliyejiuliza nani kafagia. Shosho, ndani ya kanzu nyeupe, alitia mguu mmoja majini, akaganda. Samaki jike, mrefu kama mkono wangu, alijilaza ubavu akapiga mkia; tope likatimka, kokoto zikang'aa. Dume lenye madoa mekundu likamzunguka. Jamani, kanisa zima liliinama ukingoni kutazama. Nywele zilinisimama.

"Mama, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," Mama alimsihi.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," Shosho akajibu, akautoa mguu. "Huyu anawatandikia watoto wake. Nikanyage mayai ya mwenzangu ndipo nioshwe? Hapana."

Mama alilia waziwazi, maana Jumapili nyingine haikuwapo.

Shosho alibatizwa kwenye bafu la fleti yetu huko Saint Louis Park, pembeni mwa Minneapolis, magoti yakichomoza, nami nikimmwagia kwa kikombe pale maji yasipofika. Alicheka mpaka akapaliwa. Wiki iliyofuata akaondoka, na hatukumwona tena.

Leo kanisa lina birika la vigae na maji ya uvuguvugu, na ndimo nilimobatizwa mimi. Kusema kweli, sikuhisi kitu ila joto. Ule msisimko wa kijitoni sijaupata tena ndani ya kuta. Kwa hiyo majani yakianza kupukutika, humpeleka binti yangu kule. Kiswahili anakielewa vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza, tabia ileile iliyokuwa ikimkera Shosho kwangu. Mwaka jana aliona kokoto zimefagiwa, akavua viatu mbio. Kabla sijafungua mdomo, trauti akapiga mkia. Mtoto akaurudisha mguu mwenyewe, akanishika mkono, akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Mama, tumngoje amalize."