Siketi wa Meza ya Pasi

Wifi yangu tulimwita Siketi, na jina hilo alijipa mwenyewe. Tumbo lilipoanza kumtangulia mlangoni, msimamizi wa chumba chetu cha kufulia alimvutia kiti akamwambia, "Mama, keti kidogo. Mashuka hayana miguu, hayakimbii." Wifi akamjibu bila kusimamisha pasi, "Siketi." Chumba kizima kikaangua kicheko, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine, hata mumewe, ambaye ni kaka yangu wa kuzaliwa. Nilicheka na wenzangu, lakini nilijua neno lile limetoka wapi, na lilinikera.

Lilitokana na kinywa cha mama yangu. Mimba ya kwanza ya wifi ilikuwa ya mashaka. Alivuja damu mapema, daktari akamwamuru alale, naye akalala nyumbani kwetu, chumba cha nyuma, mama akimpelekea uji na maji ya kuoga. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akalia mara moja kwa sauti nyembamba, akanyamaza. Tuliporudi kutoka kuzika, mama alikuwa anakunja blanketi la mgonjwa. Akasema, "Umelala mno, mwanangu. Mtoto naye akauzoea usingizi."

Hakusema kwa ubaya. Mama yangu hajawahi kusema neno kwa ubaya, na ndiyo maana huna pa kumshika. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wa kwake ulimvunja mtu mbele ya macho yangu, naye akaendelea kukunja blanketi, pembe kwa pembe.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimba ya pili ilipoingia, wifi alikiogopa kitanda kama watu wanavyoogopa kisima kisicho na mfuniko. Aliamka kabla ya kuku, akafagia uwanja wetu, akamaliza, akaingia uwanja wa jirani. Kazini alikwenda kwa miguu, kilima chote kile, na jioni akarudi kwa miguu. Nyumbani alipiga magoti akasugua sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Kila asubuhi alishika fremu ya kitanda akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa, jasho likimtiririka, ili nyonga zifunguke. Kaka yangu, fundi wa kuchomelea mageti, alimtengenezea kiti cha chuma chenye mgongo, akakitia na sponji. Wifi akakitumia kuwekea ndoo.

"Kiti hiki nimekuchomea wewe, si ndoo," kaka akalalamika.

"Ndoo nayo imechoka, mume wangu. Iache ipumzike."

Mama alifurahi mpaka akawa anawasimulia majirani. "Mtembea bure si sawa na mkaa bure," aliwaambia. "Mkamwana wangu huyu atazaa kama anayepiga chafya." Na mgema akisifiwa, mnajua tembo hulifanya nini. Kila mama alipomsifu, wifi aliongeza ndoo nyingine.

Sasa sitaki mtu asome hapa aseme nawalaumu wanaotembea. Nilimsindikiza kliniki mwenyewe, nikamsikia mkunga kwa masikio yangu. Ni mwanamke mnene, sauti imekwaruza kwa kuita majina kutwa, mikono yake ya upole kuliko maneno yake. Alimpima, akamsifu. "Tembea, mama. Kuchuchumaa nako kuzuri, mwili unajiandaa. Usibebe vizito tu. Lakini kila siku ulale ubavu wa kushoto, unyamaze, umsikilize mtoto anavyocheza. Umzoee. Siku ukiona amepunguza kucheza, usimwulize mtu, usingoje kesho. Njoo."

Njiani wifi alikuwa anang'aa. "Umesikia? Kasema nitembee."

"Kasema na ulale umsikilize."

"Nitamsikiliza nikiwa nimesimama. Masikio yangu hayako mgongoni."

Nilimwambia ana kichwa cha nyundo. Akaniambia heri nyundo kuliko msumari. Tukacheka, tukapanda kilima, na mimi ndiye niliyehema.

Chumba chetu cha kufulia kiko nyuma ya hoteli, dirisha moja refu juu, mvuke mpaka darini, sabuni inayokula ngozi ya vidole. Mimi na wenzangu wawili tulikunja, wifi alipiga pasi. Kwenye kona kulikuwa na mashine ya kukamulia maji, dude kuukuu tuliloliita Mjomba kwa sababu lilinguruma kutwa bila kusema la maana. Zamani meza ya pasi ilikuwa katikati ya chumba. Paa lilipoanza kuvuja juu yake, msimamizi akatuambia tuisukume kwenye kona, ikakaa ubavu kwa ubavu na Mjomba. Mjomba alipozunguka, meza nzima ilitetemeka, na pasi ilibidi uishike kwa nguvu. Siku mbili tulilalamika, kisha tukazoea, kama mtu anavyozoea mume mkoromaji.

Tumbo likawa kubwa. Wifi hakuweza tena kusimama mbali na meza, mkono haukufika kwenye shuka, kwa hiyo alikunja taulo, akaliweka ukingoni, akaliegemeza tumbo juu yake. Hapo ndipo furaha yetu ilipoanza.

"Anacheza!" alikuwa akipaza sauti. "Njooni mshike, huyu leo ana fujo!"

Tuliacha mashuka tukaenda. Niliweka mkono, na kweli chini ya kiganja pakawa panatetemeka. Mkubwa wetu wa kazi, tuliyemwita Bibi Sabuni, aliweka mikono yote miwili akafumba macho. "Huyu atatoka ameshika pasi," akasema. Wifi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa foronya ya hoteli. Sijawahi kumwona mtu na furaha ya namna ile. Alikuwa anamlinda mtoto wake kwa miguu yake, na mtoto alikuwa anamjibu kutwa nzima.

Jioni akifika nyumbani alianguka kitandani kama gunia, na usingizi ukamchukua kabla hajageukia ubavu wowote. Saa ya kumsikiliza mtoto, ile aliyoiagiza mkunga, ilipitia ndani ya ule usingizi. Wiki za mwisho nilimsikia jikoni akimwambia mama, "Hapa nyumbani siku hizi ametulia, mama. Simsikii sana."

Mama hata hakugeuka kwenye sufuria. "Mtoto akikaribia kutoka hutulia. Nafasi imembana. Mimi nimezaa wewe ukiwa hujui kuvaa."

"Na kazini anacheza kutwa," wifi akasema, akijituliza mwenyewe.

"Si ndiyo hivyo. Anakupenda ukiwa unafanya kazi."

Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Kwetu liliharibika, na mzee alikuwa amesimama pale pale, mwiko mkononi.

Asubuhi moja ya kawaida, Mjomba amejazwa taulo na anazunguka kwa kasi, tulisikia mlio kama kofi. Mkanda ulikuwa umekatika. Dude likapunguza mwendo, likagonga mara mbili, likanyamaza, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu tukasikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Msimamizi akatukana taratibu, akaenda kutafuta fundi. Bibi Sabuni akasema angalau leo tutasikia umbea vizuri. Wifi alikuwa anacheka, tumbo limelala juu ya taulo lake ukingoni mwa meza.

Kisha nikaona kicheko kimebaki usoni lakini macho yameondoka. Akaweka mkono mmoja chini ya tumbo. Akaweka wa pili. Akaminya upande, akaminya upande wa pili, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko.

"Wifi," akaniita. "Hachezi."

"Amelala huyo," Bibi Sabuni akasema.

Nilimmiminia maji baridi, akanywa kikombe chote. Nikatandika mashuka machafu sakafuni nikamwambia alale, na Siketi akalala, ubavu wa kushoto, bila kubisha. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Tulisimama tumemzunguka. Mkono wake ukapita tumboni polepole, ukarudi.

"Mara ya mwisho umemsikia nyumbani ni lini?" nikamwuliza. "Si hapa. Nyumbani."

Niliona akirudi nyuma kwa kumbukumbu, jana, juzi, siku ile, siku nyingine, na kila alipofika hakukuta kitu. Akageuza kichwa akaitazama meza, halafu akamtazama Mjomba aliyenyamaza.

"Ilikuwa meza," akasema.

Bibi Sabuni akaweka mkono juu ya meza, kisha akauondoa haraka kama aliyeshika pasi ya moto.

Msimamizi alitupeleka hospitali kwa gari lake, akipiga honi njia nzima. Mkunga yule yule alikuwepo. Aliweka kipimo cha kusikilizia hapa, akakihamisha pale, akakihamisha tena, na uso wake ukawa mgumu. Akamwita daktari. Wakaleta mashine ya picha, wakapaka mafuta tumboni, daktari akatazama kioo muda mrefu.

"Pole sana, mama," akasema. "Moyo haupigi."

"Tafuta tena," wifi akamwambia.

Akatafuta tena. Namheshimu daktari yule kwa hilo, alitafuta tena kwa makini kana kwamba ndiyo kwanza anaanza.

Mama na kaka walifika mchana. Mkunga akawaeleza kwenye korido, na mama, nusu analia, akasema, "Lakini mtoto si hutulia akikaribia kutoka?"

"Nani kakwambia?" Sauti ya mkunga ilikwaruza zaidi. "Hatulii. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, lakini kucheza hakukomi mpaka siku anatoka. Akipunguza, anaita watu."

"Angewahi?" kaka akauliza. "Angekuja mapema, angewahi?"

"Sijui, baba. Wako wanaowahi. Wako wanaokuja mapema na bado tunakosa. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya." Akamshika bega. "Na kutembea hakukumwua. Mwambie mkeo hivyo. Wala yule wa kwanza hakuuawa na kulala."

Nilimtazama mama wakati maneno hayo yanasemwa. Alikuwa anatazama ukuta.

Wakampa wifi dawa ya kuanzisha uchungu, na hapa ndipo panaponichoma hadi leo: alijifungua vizuri. Alitembea korido amening'inia shingoni kwangu, akachuchumaa ameshika fremu ya kitanda, akapumua kama alivyofundishwa, hakupiga kelele, hakupoteza nguvu. Mwili aliouandaa kwa miezi yote ile ulifanya kila kitu ulichoandaliwa kufanya. "Hivyo hivyo, mama, unafanya vizuri sana," mkunga alimwambia kwa mazoea, kisha akasikia alichokisema, akainamisha kichwa. Nililia mimi. Wifi hakulia, alikuwa na kazi.

Alikuwa wa kiume. Nywele tele, vidole virefu vya kaka yangu, hakuna kilichopungua. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Wifi akaomba apewe, akampokea kifuani akiwa bado na joto, akamsafisha uso kwa ncha ya kitambaa, nyuma ya masikio, shingoni, chini ya kidevu. Alikaa naye mpaka kaka alipokuja kumchukua, na ilibidi kaka aombe mara mbili.

Tukazika. Watu wakaja, wakasema Mungu ndiye ajuaye, wakaondoka. Msimamizi alileta salamu na habari kwamba meza imerudishwa katikati ya chumba, paa livuje litakavyo. Nilimjibu asante, ingawa nilitamani kumtupia kikombe.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa nafungua dirisha la chumba cha nyuma. Wifi alikuwa amekaa kitandani, akajitazama kifuani. Gauni lilikuwa limelowa pande zote mbili, na doa lilikuwa linaendelea kupanuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tulifikiria sanda, tulifikiria chakula cha wageni, hakuna aliyekumbuka kwamba maziwa yatakuja.

Mama aliingia na beseni la maji ya moto, akaona, akasimama. Uso wake ukalegea kwa huruma, na akasema kwa upole wake ule ule, "Kamua, mwanangu, umwage. Yakikaa yatakuumiza."

Wifi alikuwa amejikumbatia kwa mikono yote miwili, maziwa yanamtoka katikati ya vidole. Alimtazama mama bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia.

"Nimwage wapi, mama?"

Mama alisimama na beseni lake mikononi mpaka maji yakapoa.