Ukucha Nisiokata

Siku ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Nairobi, mji niliokulia ukimbizini, fundi mkuu alinishika mkono akakagua kucha zangu. "Kata zote, kijana, ila hii ya kidole cha shahada. Hii ndiyo itakulisha." Nilidhani ananitania. Kumbe ukucha ulikuwa kipimo. Unaupitisha ndani ya silinda, tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ukikwama, ukuta umekwaruzika. Dawa yake tuliijua: kupanua tundu kwa mashine, kisha kusukumia slivu, yaani bomba jipya la chuma.

Kwa ujuzi huo nilirudi Juba, karakana ya mtaa wa Jebel, chini ya Msimamizi, mzee aliyerejea kutoka Uganda. Alikuwa mtu wa kununa, na nilimpenda. Vumbi letu lilituletea kazi kila siku, wala hatukuwahi kurudisha injini bila kuitengeneza.

Mpaka mteja mmoja, Lado, alipoleta gari lake la kasi, alilokuwa akikodisha kwa maharusi, likitoa moshi wa bluu, dalili kwamba linaunguza oili. Kama wengi hapa, kila chujio la hewa lilipojaa vumbi alilipeleka kupulizwa kwa kompresa. Upepo ule hutoboa karatasi ya chujio, na vumbi hupita hadi ndani.

Tulifungua injini. Ukucha wangu ukakwama. Msimamizi akabandika sumaku kwenye ukuta wa silinda. Ikashika kidogo, ikateleza, ikaanguka.

"Hapana slivu," akasema. "Hii iko alumini. Wamepaka tu."

Injini za namna hiyo hunyunyiziwa ngozi ya chuma kigumu, nyembamba mno, yenye vitundu vya kushika oili. Huwa nyepesi, hupoa upesi, na zikivuta hewa safi hudumu kuliko slivu zetu. Lakini ngozi ikichanika, kuipaka upya kunataka mitambo ambayo hatukuwa nayo.

"Mzee, si mpanue tu kama zile zingine?" Lado akasihi. "Hiyo gari ndiyo inalisha watoto wangu."

"Ukuta iko nyembamba. Mimi napanua, wewe nafurahi, kesho gari nakufia njiani na bibi harusi. Malesh, pole, mtoto yangu. Khalas, basi."

Lado alikaa juu ya tairi akalia. Msimamizi aliifunika mashine ya kupanulia kwa turubai, mchana kweupe, akaenda nyumbani bila kuaga. Bloku lile, yaani mwili wa injini, liliishia soko la Konyo Konyo, kwa wanaoyeyusha alumini na kusubu sufuria.

Baadaye nilirithi cheo chake. Magari ya aina ile yaliongezeka, na kazi yangu kubwa ikawa kuwaambia watu hapana. Iliniuma kila mara. Ninyi mnaoanza, jifunzeni kunyunyizia ngozi hiyo; sisi tulichelewa.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Lemon Gaba. Mke wangu alinunua sufuria Konyo Konyo. Sijui ilikuwa injini ya nani, na sitaki kujua. Lakini kila nikiiosha, kidole huanza chenyewe kuzunguka ukuta wake, kikitafuta mkwaruzo.

"Baba Poni, kata huo ukucha," mke wangu huniambia. "Kazi imekwisha."

Najua imekwisha. Bado sijaukata.