Dau la Kinga la Verlyn Stachowiak

Kwa miaka thelathini Verlyn Stachowiak aliendesha lori la maziwa, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini. Mgongo ulipomgomea akakaa nyumbani, akafungua simu, akakutana na soko la utabiri, na ndani ya miezi minne akawa mtu wa maoni.

Sokoni humo hawauzi jibini wala ndama. Unanunua hisa ya "Ndiyo" au hisa ya "Hapana" juu ya uchaguzi fulani, kwa senti zinazoongezeka kadiri watu wanavyoamini jambo litatokea. Ukipatia, kila hisa inakulipa dola moja. Ukikosea, inakulipa funzo. Verlyn alianza na dola ishirini. Akambashiri gavana, akapatia. Akambashiri waziri mkuu wa nchi moja ya Ulaya ambayo mpaka leo hawezi kuionyesha kwenye ramani, akapatia tena. Tangu siku hiyo hakusema tena "nadhani mvua itanyesha". Alisema, "Mvua iko senti sabini."

Masika hiyo soko likafungua maswali juu ya kura zote za shule za jimbo la Wisconsin, na moja lilikuwa la kwao: je, watu wa Otter Prairie watakubali kodi ipande ili shule yao isifungwe? "Hapana" ilikuwa inauzwa senti sitini na mbili.

Sasa, mpishi wa shule hiyo kwa miaka ishirini na miwili ni Marlys, mke wa Verlyn. Shule ikifungwa, watoto wangepakiwa basi maili ishirini na sita kila asubuhi, na Marlys angebaki na mwiko wake mkononi. Mwezi mzima alikuwa akigonga mlango wa mtu huyu na yule, sinia la keki kiunoni, akiwaomba waseme Ndiyo. Mumewe alimuomba kitu kimoja tu.

"Verl, sitaki unisaidie kugonga milango. Mgongo wako naujua. Nataka kura yako."

"Hiyo unayo," alisema Verlyn, na alimaanisha.

Ila mtu wa soko ana maradhi yake: hawezi kuliona janga bila kulikatia bima. Verlyn alipiga hesabu. Shule ikibaki, mke ana kazi. Shule ikifungwa, mke hana kazi, lakini kama mume ana hisa elfu nne za "Hapana", zinaingia dola elfu nne. Kote kote hakuna kulia. Watu wa soko huliita dau la kinga. Akachukua dola elfu mbili mia nne na themanini zilizowekwa akiba ya mtambo mpya wa kupasha nyumba joto, akanunua. Hakumwambia Marlys, kwa sababu, alijieleza, mke wake hana kichwa cha mambo ya fedha.

Ijumaa, baa ilipojaa watu waliokuja kula samaki, akamwonyesha simu Duane Imhoff.

"Ngoja kwanza," alisema Duane. "Mkeo anamaliza soli kuomba watu waseme Ndiyo, na wewe umenunua Hapana?"

"Kura ni moyo, Duane. Hisa ni kichwa. Usichanganye viungo."

"Na Marlys anajua?"

"Mkeo anajua ile boti uliinunua bei gani?"

Duane akacheka mpaka akakohoa, akamwagizia brandi nyingine. Mtu mwenye kichwa cha mambo ya fedha angejiuliza kwa nini Duane Imhoff, ambaye hajawahi kumnunulia mtu hata barafu, leo ana mkono mwepesi. Duane ana ekari mia tano, na kodi ya ardhi ikipanda, ingempanda yeye kwanza.

Jumanne ya kura ilikuja na matope yake ya Aprili. Watu walipanga foleni ndani ya kituo cha zimamoto, pembeni ya gari jekundu. Marlys alishapewa karatasi yake pale Verlyn alipofika mezani na kutaja jina lake kwa Bi Beverly Tollefson, msimamizi. Ndipo Duane aliponyanyuka kwenye kiti cha plastiki.

"Napinga kura ya huyu."

"Duane, kaa chini," alisema Bi Tollefson. "Hapa si baa."

"Fungua kitabu chako, Bev. Palipoandikwa watu wa madau."

Bi Tollefson akapekua, akasoma kwa kidole, akavua miwani, akaivaa tena. "Miaka thelathini na moja nimekalia meza hii, huu ukurasa sijawahi kuuona. Mtu aliyeweka dau juu ya matokeo ya uchaguzi haruhusiwi kupiga kura katika uchaguzi huo." Akashusha pumzi. "Sheria ya enzi za farasi. Lakini ipo. Verlyn, inua mkono wa kulia."

Verlyn akainua. Mfukoni simu ilitetemeka. Bei ilikuwa imesogea. Akaapishwa, akaulizwa kama ameweka dau. Hata pale, mkono ukiwa hewani, alipiga hesabu: uongo bei yake jela, ukweli bei yake kura moja.

"Nimeweka," alisema.

Aliyecheka kwanza ni Marlys. "Sasa tatizo liko wapi? Ameniwekea mimi! Mwehu huyu! Shilingapi, Verl?"

"Elfu mbili mia nne na themanini."

"Za mtambo wa joto?" Kicheko kikaanza kupungua. "Haya. Upande gani?"

Verlyn akatazama viatu vyake. Foleni nzima nayo ikavitazama.

"Hapana," alisema. "Lakini nisikilize, mke wangu, ni kinga tu. Ikifungwa tuna elfu nne, isipofungwa una kazi. Kote kote tunashinda."

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema Marlys, akaenda kupiga kura yake. Alikaa kibandani muda mrefu kupita mtu yeyote siku ile.

Saa mbili usiku milango ikafungwa, na waliotaka kusikia matokeo wakabaki. Verlyn alirudi pia. Kukaa peke yake nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Marlys alisimama ng'ambo, kati ya wapishi wenzake, asimtazame. Verlyn alimuomba Mungu shule ishinde. Aliomba kwa dhati, na angeapa kwa mkono uleule.

Bi Tollefson akakata utepe wa karatasi uliotoka kwenye mashine. "Waliopiga kura ya shule, mia sita na kumi na saba," alisoma. "Hapana, mia tatu na tano."

Watu wa Otter Prairie ni watu wa kungoja. Walingoja namba ya pili. Verlyn hakungoja. Miezi minne ya soko ilikuwa imemfundisha hesabu za haraka, na kichwa chake kikapiga: mia sita na kumi na saba, toa mia tatu na tano. Kabla hajajua kama anacho kitu cha kuzuia, uso wake ukaanguka kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Ng'ambo, Marlys alikuwa ameinua macho wakati ule ule. Miaka thelathini na nne alikuwa akiusoma uso huo. Akauona, akajifunika mdomo, akaanza kulia.

"Ndiyo," alisema Bi Tollefson, "mia tatu na kumi na mbili."

Kituo kikalipuka. Wapishi walirukiana, mtu akapiga honi ya gari la zimamoto. Katikati ya vurugu hiyo Marlys alisimama wima, machozi mashavuni, akimtazama mumewe. Alionekana kama anarudisha hesabu nyuma, polepole, namba moja moja, mpaka akaifikia.

Verlyn akapenya watu. "Tumeshinda, Marlys! Kura saba!"

"Sisi tumeshinda," alisema. "Wewe nimekuona. Umefiwa."

"Ulikuwa mshtuko tu..."

"Nimelia kwa sababu ya uso wako, Verl. Nilidhani unanililia mimi."

Akachukua funguo za gari mfukoni mwa koti la mumewe, akatoka na wenzake. Ukumbi ukaanza kuwa mtupu. Wenye nyuso za msiba walibaki wawili tu, na yule mwingine akaja taratibu, akamwekea mkono begani.

"Pole, ndugu yangu," alisema Duane Imhoff, na safari hii hakuwa anatania.

"Asante," alijibu Verlyn, na mkono ule hakuutoa begani, kwa sababu pole ilikuwa imemfaa.