Muhuri wa Mkuu Tak

Pyo Gyu-cheol alichora ramani za mabomba ya meli kwenye kiwanda cha kuunda meli hapa Geoje kwa miaka kumi na tisa, na sijaona aliyeyajua mabomba kumshinda. Lakini kiwandani kwetu mhandisi akifika miaka arobaini na mitano bila cheo, huanza kutazamwa kama samaki wa juzi. Gyu-cheol alikuwa na arobaini na minne.

Ndipo akaanza kuwaza kusomea shahada ya uongozi wa biashara kule Busan, kila Jumamosi, miaka miwili.

"Ya nini?" mkewe Ok-bun alimuuliza siku moja nilipokuwa nakula kwao. "Ukiwa na shahada mabomba yataacha kuvuja?"

"Nitapata cheo. Bila cheo watanitoa."

"Na ukikikosa? Mwanao atakuona Jumapili tu, tena umelala!"

Gyu-cheol akanigeukia mimi. "Kaka, nenda ukasome," nikamwambia. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, sina wasiwasi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Chuo kilitaka barua ya mwajiri yenye muhuri wa mkuu wa idara. Jambo kama hilo kwetu haliombwi ofisini. Gyu-cheol alingoja chakula cha idara, akammiminia Mkuu Tak pombe ya soju kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaomba.

"Elimu haina mwisho, mdogo wangu!" Mkuu akasema. Tukapiga makofi. Kesho yake barua ikapigwa muhuri.

Novemba kazi ya meli ilipungua. Kila mkuu akaamriwa kutoa majina matatu ya watu "watakaojitolea" kustaafu mapema. La kwanza kwa Tak lilikuwa la Gyu-cheol.

"Kwa nini mimi, Mkuu?" aliuliza mbele yetu sote.

"Wenzako hawana pa kwenda. Wewe umeshajipangia maisha, muhuri nimekupigia mwenyewe."

Hakuwa anamkejeli. Alisema kwa huruma kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya kujiandikisha, chuo kikadai uthibitisho wa kazi, maana kozi ile ilikuwa ya walioajiriwa tu. Gyu-cheol akarudi kutoka Busan hana kazi, hana shule.

Wiki hiyohiyo, kwenye chakula cha idara, Mkuu Tak alinijazia glasi. "Na wewe, mdogo wangu, huna mpango wa kusoma?"

"Mimi, Mkuu? Kichwa hiki kimejaa mabomba tu, shule itaingilia wapi?"

Meza nzima ikacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, huku najichukia.